Ndege Wanaojificha Matetini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Watazamaji Wanaolinganisha Walichokiona

Ni ndege gani hasa wanaokusudiwa katika maswali haya?

Wanaokusudiwa kwanza ni ndege wa familia ya Rallidae, ambayo ina spishi zaidi ya 130 na inapatikana katika kila bara isipokuwa Antaktika. Baadhi yao, kama kukuziwa wa jenasi ya Fulica na Gallinula, huogelea hadharani na hawamsumbui mtu. Wanaotusumbua ni jamaa zao wadogo wanaoishi ndani ya matete, mafunjo na ndago: Rallus wenye midomo mirefu, pamoja na Porzana, Zapornia, Laterallus na Coturnicops wenye midomo mifupi. Wapo pia Sarothrura wa Afrika, ambao zamani walihesabiwa humo humo lakini siku hizi wamewekwa katika familia yao wenyewe ya Sarothruridae.

Nimewaongeza wengine wawili wasio na undugu wa karibu nao, kwa kuwa wanaishi katika matete yale yale na hutajwa katika mazungumzo yale yale. Mmoja ni Botaurus stellaris, ndege wa jamii ya kulasitara, ambaye akihisi hatari huelekeza mdomo juu na kusimama kama tete miongoni mwa matete. Mwingine ni Rostratula benghalensis, ambaye kwa mbali hudhaniwa kuwa mmoja wa Rallidae na ambaye jike lake ndilo lenye rangi kali kuliko dume.

Majina ya kisayansi yametumika kwa makusudi. Wengi wa ndege hawa hawana jina moja la Kiswahili linaloeleweka vivyo hivyo kila mahali, na watu wawili wanaotaka kulinganisha walichokiona wanahitaji kwanza kuwa na hakika kwamba wanamzungumzia ndege mmoja.

Kwa nini ni vigumu kuwaona hata mahali walipo wengi?

Sababu ya kwanza ni umbo. Mwili wa ndege hawa umebanwa kutoka ubavu hadi ubavu, mithili ya kitabu kilichosimamishwa, hivyo wanaweza kupenya kati ya mashina yaliyosongamana bila kutikisa hata jani moja. Vidole vyao ni virefu na hutawanya uzito juu ya tope na majani yanayoelea. Sababu ya pili ni tabia: wakishtuliwa, wengi hukimbia badala ya kuruka, na hata wakiruka huenda hatua chache tu, miguu ikining'inia, kisha wakatumbukia tena katika majani.

Umbo hilo lina athari moja ambayo watazamaji wengi huisahau wanapobishana kuhusu ukubwa. Ndege aliyekuelekea uso kwa uso huonekana mwembamba kupita kiasi, ilhali ndege huyo huyo akigeuka ubavu huonekana mnene na mkubwa. Nimesikia watu wawili waliosimama umbali wa hatua kumi wakitofautiana karibu mara mbili kuhusu ukubwa wa ndege mmoja, na nina hakika kwamba kila mmoja alisema kweli kuhusu kile jicho lake lilichopata. Kwa hiyo mimi huuliza kwanza ndege alikuwa ameelekea wapi, na ukubwa baadaye.

Ni wakati gani na hali gani zinazofaa zaidi?

Alfajiri na machweo ndizo saa zinazofaa kwa walio wengi. Kwa spishi kadhaa, hasa wakati wa kuzaliana, usiku ndio wenye mambo: Crex crex huita usiku kucha katika majani marefu, na Coturnicops noveboracensis wa Amerika Kaskazini huita zaidi giza linapokuwa zito. Upepo ni adui wa kwanza, kwa kuwa matete yanayosuguana hufunika sauti zote.

Mahali pa kutazama ni ukingo: pale matete yanapokutana na tope lililo wazi, au pale maji yaliposhuka na kuacha ukanda mwembamba wa kulia chakula. Maji yakipungua polepole, ndege hulazimika kutoka kidogo kufuata wadudu na konokono, na mtu aliyekaa kimya kwa muda wa saa nzima mbele ya ukanda kama huo ataona mengi kuliko aliyezunguka kinamasi chote kwa miguu.

Katika vinamasi vya pwani, bamvua hufunika majani yote isipokuwa sehemu zilizoinuka, na ndege hubanwa katika vipande hivyo vichache. Hapo huonekana waziwazi, lakini hapo pia ndipo kulasitara na ndege wengine huwakamata kwa urahisi. Mtazamaji akisogea hadi penye kimbilio hilo la mwisho, anamsukuma ndege majini au mdomoni mwa adui. Tazama kutoka mbali kwa darubini ya miguu mitatu, na usiende hatua moja zaidi.

Nimemsikia tu, sikumwona. Je, inahesabika?

Inahesabika, na kwa ndege hawa ningesema kwamba kusikia ndiko ushahidi wa kawaida na kuona ni nyongeza. Kinachotakiwa ni kuandika wazi kwamba ndege alisikika tu. Watu wengine hujisikia kama kwamba kumbukumbu ya sauti ni pungufu, kwa hiyo huongeza maneno kama “na nikaona kivuli kikipita”, na kivuli hicho hatimaye hugeuka kuwa ndege aliyeonekana. Maneno hayo yanaharibu kumbukumbu iliyokuwa nzuri.

Sauti ina faida moja kubwa: inaweza kurekodiwa na kusikilizwa tena na mtu mwingine. Rekodi ya simu ya mkononi, hata ikiwa na mvumo wa upepo, mara nyingi hutosha kutoa mchoro wa sauti unaoonyesha mpangilio wa mlio na marudio yake, na watu wanne wakiutazama mchoro huo wanaweza kukubaliana jambo ambalo kwa masikio peke yake wangelibishania hadi kesho.

Nitaielezaje sauti ili mwenzangu aelewe?

Eleza mdundo kwanza, kisha aina ya mlio, na mwisho kupanda au kushuka kwake. Kusema “mlio mkali” hakusaidii, kwa maana nusu ya ndege wa kinamasi wana mlio mkali. Mifano ifuatayo itasaidia.

Coturnicops noveboracensis hutoa mlio kama wa kokoto mbili zikigonganishwa, kwa mpangilio usiobadilika: mara mbili, kisha mara tatu, tena na tena. Porzana porzana husikika kama mjeledi unaochapa hewa, takriban mara moja kila sekunde, kwa muda mrefu bila kuchoka. Crex crex hutaja jina lake mwenyewe la kisayansi, kwa mlio mkavu wa kukwaruza unaofanana na kitu kigumu kinachopitishwa juu ya meno ya kitana. Rallus aquaticus hupiga kelele kama nguruwe mdogo aliyebanwa, na mgeni akiisikia kwa mara ya kwanza haamini kwamba imetoka kwa ndege. Laterallus jamaicensis huita kwa silabi tatu, mbili za juu na fupi, kisha ya tatu ya chini. Porzana carolina hutoa mtiririko wa mlio unaoanza juu na kuteremka ukipungua kasi, kama farasi anayelia kwa mbali.

Tahadhari kubwa inahitajika kwa Zapornia pusilla. Dume lake hutoa mkwaruzo mkavu na mfupi unaofanana sana na sauti za vyura fulani, na kumbukumbu zake kadhaa zimefutwa baada ya rekodi kusikilizwa upya na kugundulika kuwa ni chura. Kama mlio wako unatoka sehemu tatu za bwawa kwa wakati mmoja, fikiria vyura kwanza.

Watu wawili tumemwona ndege mmoja, kila mmoja akampa jina lake. Tulinganishe vipi?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote. Ushauri wangu ni kwamba kila mmoja aandike alichokiona kabla ya kuzungumza na mwenzake na kabla ya kufungua kitabu cha ndege. Kumbukumbu ya macho ni laini mno. Mtu aliyeona ndege kwa sekunde tatu, akasikia mwenzake akisema kwamba mdomo ulikuwa na wekundu, baada ya nusu saa ataukumbuka wekundu huo kwa uaminifu kamili ingawa hakuuona.

Baada ya hapo wekeni maandishi mawili pamoja, mtafute kwanza mambo ambayo nyote mliyaandika. Mara nyingi ni machache: mdomo mfupi, mgongo wa kahawia, mkia uliosimama. Hayo machache ndiyo msingi. Halafu tazameni yale yaliyoandikwa na mmoja tu, mkiulizana kama mwingine alikuwa katika nafasi ya kuyaona. Aliyesimama nyuma ya ndege hawezi kuzungumzia kifua, na aliyemwona akipita kivulini asizungumzie rangi ya miguu. Mwisho kabisa ndipo yanapoingia majina, na kwa kila jina jiulizeni ni alama ipi ingelithibitisha na kama kuna mmoja wenu aliyeiona.

Matokeo ya kazi hii mara nyingi huwa “Porzana au Zapornia, spishi haikujulikana”. Sioni aibu yoyote katika maneno hayo. Kumbukumbu ya namna hiyo inaeleza kwamba ndege wa kundi fulani alikuwepo mahali fulani siku fulani, nayo ni kweli tupu. Kumbukumbu yenye jina lililokisiwa inaweza kumpeleka mtu mwingine kinamasini kutafuta ndege asiyekuwepo, au kuchora kwenye ramani makazi ambayo ndege huyo hana.

Nitawatofautishaje Zapornia parva na Zapornia pusilla?

Wote wawili ni wadogo, wana mgongo wa kahawia na hupita haraka. Anzia kwenye mdomo. Parva aliyekomaa ana doa jekundu kwenye shina la mdomo, ilhali pusilla hana. Kisha tazama bawa lililokunjwa: kwa parva, manyoya marefu ya kurukia huchomoza kwa urefu unaoonekana kupita yale yanayoyafunika, jambo linalomfanya aonekane mrefu na mwembamba kwa nyuma, kwa pusilla uchomozaji huo ni mfupi sana na ndege huonekana mviringo. Michirizi myeupe na myeusi ya ubavuni kwa pusilla husonga mbele zaidi na huwa dhahiri, wakati kwa dume la parva ni hafifu na iko nyuma.

Jinsia nayo inasaidia. Dume na jike la pusilla wanafanana, wote wakiwa na kifua cha kijivu cha samawati, lakini jike la parva lina kifua cha rangi ya mchanga. Hivyo ndege mdogo mwenye kifua cha mchanga na wekundu mdomoni hawezi kuwa pusilla. Makinda yaliyoanza kujitegemea ndiyo yenye kutatanisha, kwa kuwa ya spishi zote mbili yana mistari kifuani na hayana wekundu mdomoni. Kwa hayo, urefu wa bawa ndio utakaokuongoza, na picha inahitajika.

Na Porzana porzana dhidi ya Porzana carolina?

Mmoja ni wa Ulaya na Asia, mwingine wa Amerika, lakini carolina huvuka Atlantiki mara chache, na hapo ndipo mzozo huanza. Porzana porzana ana madoadoa meupe kifuani na shingoni, na wekundu kwenye shina la mdomo. Carolina hana madoa hayo kifuani, mdomo wake ni wa manjano bila wekundu, na aliyekomaa ana weusi kuzunguka mdomo. Kijana wa carolina hana weusi huo usoni, basi mtazame utosi: ana mstari mmoja mweusi katikati, ambapo porzana ana michirizi midogo mingi.

Nimeona ndege mdogo mweusi kabisa akikimbia kinamasini. Je, ni Laterallus jamaicensis?

Karibu kila mara ni kifaranga. Vifaranga wa takriban familia nzima hutoka kwenye yai wakiwa na manyoya laini meusi, na hutembea mapema mno. Laterallus jamaicensis aliyekomaa, mwenye uzito wa takriban gramu 30, ana madoa meupe mgongoni, rangi ya hudhurungi nyuma ya shingo na macho mekundu. Kama hukuyaona hayo, andika kifaranga. Kosa hili lina uzito kwa sababu nususpishi ya mashariki ya ndege huyu iliorodheshwa nchini Marekani mwaka 2020 kuwa iko hatarini, na kila taarifa yake hufuatiliwa.

Je, ni sawa kucheza sauti iliyorekodiwa ili ndege ajibu?

Jibu langu ni kwamba kwa matembezi ya kawaida usifanye. Ndege anayesikia mlio wa spishi yake huamini kwamba mpinzani ameingia katika eneo lake. Huacha kulisha au kulalia mayai, hutoka hadharani na kujiweka hatarini. Mtu mmoja akifanya hivyo mara moja athari huenda ikawa ndogo, lakini bwawa linalojulikana hutembelewa na watu wengi, kila mmoja akidhani yeye ni wa kwanza. Katika hifadhi nyingi jambo hili limekatazwa.

Watafiti hutumia sauti kwa utaratibu mkali, na unafaa kufahamika kwa sababu unafundisha kiasi. Utaratibu wa kuhesabu ndege wa vinamasi uliochapishwa kwa ajili ya Amerika Kaskazini mwaka 2011 huanza na dakika 5 za kusikiliza kimya, kisha hufuata dakika 1 kwa kila spishi, sekunde 30 za milio na sekunde 30 za ukimya. Baada ya hapo mtafiti huondoka. Zingatia kwamba zile dakika 5 za mwanzo hakuna hata sauti moja inayochezwa.

Kuburuta kamba juu ya majani ili kuwashtua ndege, jambo lililowahi kuzoeleka kwa ajili ya Coturnicops, halifai kabisa. Huvunja majani, huharibu viota, na anayepatikana ni ndege mwenye hofu anayeonekana kwa sekunde moja. Huko Louisiana ndege hao huonekana vizuri zaidi wakati wa mavuno ya mpunga, mashine inapopita shambani kwa kazi yake na ndege wakaruka mbele yake. Mtazamaji amesimama pembeni na hakusababisha lolote.

Ndege hawa huonekana dhaifu wakiruka. Imekuwaje mmoja akaokotwa katikati ya mji?

Udhaifu huo ni wa mwanzo wa safari tu. Wengi wao husafiri masafa marefu wakati wa usiku. Crex crex huzaliana Ulaya na Asia na kuvuka hadi Afrika kusini mwa Sahara. Usiku wenye mawingu, taa na vioo vya majengo huwapotosha, na asubuhi hupatikana wamejibanza ukutani. Ukimkuta mzima, mweke katika sanduku la karatasi lenye matundu, gizani na kimya, kisha wasiliana na wanaotunza wanyamapori.

Ni uwezo huo huo uliowafikisha katika visiwa vya mbali, ambako wengi walipoteza uwezo wa kuruka kwa kuwa hapakuwa na adui. Laterallus rogersi wa kisiwa cha Inaccessible, kusini mwa Atlantiki, ndiye ndege mdogo kuliko wote wasioruka walio hai leo. Wengi wa ndugu zake wa visiwani walikwisha baada ya panya, paka na nyoka kuletwa. Hypotaenidia owstoni wa Guam alitoweka porini kwa sababu ya nyoka aliyeingizwa kisiwani, akazalishwa kifungoni, na mwaka 2019 hadhi yake ikabadilishwa kutoka “aliyetoweka porini” hadi “aliye hatarini kabisa”, baada ya kurudishwa katika visiwa jirani.

Niandike nini katika daftari langu?

Andika tarehe, saa ya kuanza na ya kumaliza, upepo, kina cha maji kwa makadirio, aina ya majani, umbali, na muda uliomwona ndege kwa sekunde. Hilo la mwisho huachwa na wengi, ilhali ndilo linalompa msomaji kipimo cha kuamini mengine yote. Andika pia ulichoshindwa kukiona, kwa mfano “sikuona mdomo”, kwa kuwa bila maneno hayo anayesoma hawezi kujua kama mdomo haukuwa na wekundu au haukutazamwa. Mchoro wa penseli, hata mbaya, ni bora kuliko aya mbili za maelezo.

Majina katika kitabu changu cha zamani hayalingani na ya wenzangu. Nani amekosea?

Huenda hakuna aliyekosea. Mwaka 2014 Rallus obsoletus wa magharibi mwa Marekani na Meksiko alitenganishwa na Rallus crepitans na kuwa spishi ya peke yake, hivyo kumbukumbu za kabla ya hapo zinasomwa kwa kuzingatia mahali zilipochukuliwa. Zapornia nyingi zilikuwa zikiitwa Porzana. Andika mwaka wa orodha unayoifuata.

Je, nitaje mahali hasa nilipomwona ndege adimu?

Wakati wa kuzaliana, hapana. Wape taarifa kamili wanaosimamia eneo na wanaohifadhi kumbukumbu, na kwa wengine taja wilaya au eneo pana. Mfumo wa eBird, ambao hukusanya kumbukumbu za watazamaji wa ndege mtandaoni, huficha wenyewe mahali penye spishi zilizo nyeti, na hiyo ni sababu nzuri ya kuweka kumbukumbu huko badala ya kuzinyamazia kabisa. Kumbukumbu zinaweza kulinda ndege moja kwa moja: ilipojulikana mahali Crex crex anapotaga, wakulima wengi wa Ulaya walianza kukata majani kutoka katikati ya shamba kuelekea pembeni, ili vifaranga wapate njia ya kutokea badala ya kuzungukwa na mashine.

Nimekwenda mara sita na sikuona wala kusikia kitu. Je, ndege hayupo?

Huwezi kusema hivyo bado, lakini safari hizo sita zina thamani kubwa na zote ziandikwe, pamoja na saa na hali ya hewa ya kila moja. Geoffrey Orbell alipompata Porphyrio hochstetteri katika milima ya Murchison, New Zealand, mwaka 1948, ndege huyo mkubwa mwenye rangi ya samawati alikuwa amedhaniwa kuwa ameshatoweka kabisa. Sarothrura ayresi ni mdogo mno kuliko yeye na anaishi ndani ya ndago nzito. Kwa miaka mingi alijulikana kuzaliana Ethiopia tu, na waliomwona Afrika Kusini walidhani ni mgeni wa msimu, hadi kamera zilizotegwa katika kinamasi cha Middelpunt zilipopiga picha za vifaranga wake. Kamera hizo zilikaa kati ya majani usiku na mchana, mahali ambapo watu walikuwa wamepita mara nyingi wakiwa na darubini shingoni.